Chungu Huingia Kwanza

Uliona tingatinga likiingia kubomoa mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Reuben, ukajifanya unasoma simu. Mimi sijasahau.

Roseline alisimama juu ya mabati yaliyokuwa nyumba yake, amekumbatia chungu cheusi cha chuma chenye ukingo mpana uliokizunguka katikati kama mshipi. Alipewa na tajiri wake, mama Mkorea, baada ya kumpikia miaka tisa. Kwao, mama huyo alimwambia, mtu akihama, chungu huingia kabla ya kitanda. Kikishatua jikoni, hapo ni nyumbani kwa watu.

"Mama, toka! Hakuna nyumba hapa," dereva wa tingatinga akapaza sauti.

"Ngoja nikuonyeshe."

Akapanga mawe matatu palepale jiko lilipokuwa. Akakitua chungu, ukingo ukashika mawe. Akamimina maji, akawasha vipande vya mlango wake.

"Haya, baba, pitisha hiyo mashine yako juu ya chakula cha watu."

Tingatinga likanguruma. Maji yakaanza kutoa mvuke. Dereva hakurudi nyuma, wala hakusogea mbele.

Wewe unayesoma, una sufuria nyumbani. Ibebe sasa hivi, uje uitue kando ya chungu chake.