F ni Sitini na Nne

Herufi F ilikuwa imekula miaka sita ya Girijesh, na asubuhi hiyo jaji alimpa dakika mbili aieleze.

Lilikuwa swali la arobaini na saba katika mtihani wa ukarani wa ardhi. Ikiwa B ni 4 na D ni 16, F ni ngapi? Tume ya ajira ilisema 36: B ni herufi ya pili, mbili mara mbili ni nne, D ni ya nne, nne mara nne ni kumi na sita, F ni ya sita. Girijesh alijibu 64. Yeye aliipa A mbili, kisha akazidisha maradufu kila herufi: nne, nane, kumi na sita, thelathini na mbili, sitini na nne. Kanuni zote mbili zilikubali. Tume ilimnyima alama, na kwa alama hiyo moja akakosa kazi.

Siku matokeo yalipobandikwa pale mjini Prayagraj, India, alisimama bega kwa bega na mtu aliyekuwa akiguna kama yeye. Tribhuvan naye alikuwa ameandika 64, naye alipungukiwa na alama ile ile. Lakini Tribhuvan hakuwa mtu wa kung'ang'ania. Alifungua kibanda cha kutoa nakala mtaa wa Katra, akaoa, akanenepa.

Wakili alimwambia Girijesh kwamba kesi ya mtu mmoja huonekana kinyongo tu, atafute mwenzake. Basi jioni tatu mfululizo akaenda kuganda kibandani.

"Mdogo wangu, niache," Tribhuvan alimwambia. Alimzidi siku kumi na tisa tu, lakini kwa kujidai ukubwa hakuwa na mfano. "Mimi serikali nimeshaisamehe."

"Tia sahihi tu, kaka. Kukimbizana na korti niachie mimi."

"Ningejua ukubwa una kero hivi, ningechelewa kidogo kuzaliwa." Akatia sahihi ili apate kuhudumia wateja wake.

Girijesh alitimiza ahadi. Mara jaji hayupo, mara faili halionekani, mara mawakili wamegoma. Kila tarehe ilizaa tarehe. Alipata riziki kwa kuwafundisha vijana mafumbo yale yale ya herufi na namba, nao walifaulu, wakaaga, wakaenda kuwa wakubwa maofisini. Kisha akatimiza miaka arobaini, mwisho wa umri wa kuomba kazi. Kesi ikawa ndiyo mlango pekee uliobaki. Mama yake kule Ballia aliacha kumuuliza habari za kazi, na kimya hicho kilimuuma kuliko maswali.

Kilichomtia moyo ni kimoja tu. Mwaka wa kwanza korti iliamuru nafasi moja ya ukarani isijazwe mpaka kesi iishe. Usiku mwingine alilala akiiwaza: meza, kiti, ramani za mashamba ukutani.

Sasa, mbele ya jaji, alieleza. Jaji alihesabu kwa vidole mpaka F, akamgeukia wakili wa tume na kumuuliza kosa liko wapi. Wakili alipekua karatasi zake muda mrefu. Kabla ya chakula cha mchana hukumu ilikuwa imetoka: waliofungua kesi waongezewe alama moja, na nafasi iliyowekwa ijazwe.

Girijesh alilia pale pale kortini, wala hakuona haya. Alinunua kilo nzima ya vitamutamu vya laddu, akavigawa kibandani kwa Tribhuvan mpaka kwa wateja wasiomjua. Tribhuvan alimkumbatia, akasema hajapata kuona mtu mbishi kama yeye. Jioni alimpigia mama yake. Mama akasema atamwambia kila mtu kijijini.

Barua ya tume ilifika baada ya wiki mbili, imeelekezwa kibandani kwa majina yote mawili. Tribhuvan alikuwa na wino mikononi, akamwambia mdogo wake aisome kwa sauti.

Girijesh akasoma: "Waombaji wawili sasa wamelingana kwa alama, na nafasi ni moja. Kwa kanuni za tume, wanaolingana hutenganishwa kwa tarehe ya kuzaliwa, na mkubwa ndiye huajiriwa."