Mkwe wa Vifusi

Katika mtaa alioishi Kabula, kila nyumba ilikabidhiwa kilima kimoja cha vifusi vya mgodi uliofungwa, na sheria ilitaka kiamkiwe kila asubuhi kama mkwe. Kabula alitoka uani, akapiga goti kwa heshima zote, kanga ikimteleza.

"Shikamoo, Baba Mkwe."

Chombo cha tahadhari kilichofukiwa kileleni kilisikiliza kama mawe yanasogea, kisha kikaitika, "Marahaba." Maana yake: nimetulia, kapikeni uji. Kingekohoa, mtaa mzima ungehama siku hiyohiyo, pamoja na kuku wao.

Kabula akarudi jikoni. Mlango wa nyuma, ambao jana ulifungika vizuri, leo ulikataa kuingia kwenye fremu. Akausukuma kwa bega, kwa nyonga, kwa matusi madogo.

"Baba Sitta, mlango umevimba?"

"Kiangazi hiki? Uvimbe kwa maji gani?" Nkwabi, mumewe, akacheka. Kisha akaacha kucheka.

"Umefanya nini?" Kabula akamuuliza.

"Juzi kilikohoa, wewe ulikuwa kisimani. Nikaona tusihangaike kwa mafua ya mzee. Nikakifundisha kusema marahaba tu."

"Hata kikiumwa?"

Nkwabi akautazama mlango.

Kabula alikimbilia chumba cha nyuma, kilichopakana na kilima, akamnyakua mwanawe Sitta kitandani. Vumbi jembamba lilikuwa limetanda kwenye shuka. Akatoka uani akipiga yowe ili majirani wasikie, na kilima, kwa upole wa mkwe mwema, kikamwitikia:

"Marahaba."