Vifuko Ishirini na Vinne

Siku ya kumi na moja pale gare, kituo cha treni cha Kolwezi, Mama Muamba alifungua kifuko cha kwanza cha mbegu, akamimina mahindi yote ndani ya sufuria.

"Unapika namba ngapi?" mume wake, Tshilombo, aliuliza. Alikuwa amelala kwenye mkeka, uso ameuelekeza ukutani.

"Namba nane, Tata Muamba."

Tshilombo alifumba macho. "Nane haikuwa na kitu. Kila Januari ilikuwa inageuka njano. Pika tu."

Vifuko vilikuwa ishirini na vinne, vya kitambaa, mbegu zake zimehifadhiwa kwa majivu badala ya dawa. Kwa miaka tisa wawili hao walifanya kazi katika kituo kidogo cha utafiti wa mazao nje ya mji, Tshilombo akiwa mtaalamu wa kilimo, mkewe akiwa fundi aliyechavusha mahindi kwa mkono, suke kwa suke. Walikuwa wanatafuta hindi ambalo lingezaa katika udongo uliojaa shaba, na lisingekufa mvua ikikatika katikati ya msimu. Walijaribu aina mamia, kila moja na namba yake. Hizi ndizo zilizokuwa zimebaki.

Halafu ikaja Machi ya mwaka tisini na tatu. Vijana wenye marungu walipita nyumba kwa nyumba, wakisema Bakasai, watu wenye asili ya jimbo la Kasai, warudi kwao. Huko "kwao" Tshilombo alikuwa ametoka akiwa na miaka minne, mgongoni mwa mama yake. Mkurugenzi wa kituo aliwaita ofisini. Alimtazama Tshilombo kidogo, kisha akamtazama mkewe kwa muda mrefu zaidi.

"Mama, fikiri muzuri," alisema.

"Nimekwisha fikiri, patron."

Walichukua watoto wao watatu, daftari la shamba, na vile vifuko.

Pale gare watu walikuwa maelfu, na treni haikuja. Wanawake walimsalimu Mama Muamba kwa Kiluba cha Kasai, naye aliwajibu kwa Kiswahili, kama wengi waliokulia Kolwezi. Walimwonyesha pa kuchota maji. Walisogeza turubai lao ili watoto wake wasilowe.

Kiongozi wa vijana aliitwa Kisimba. Kila asubuhi alipita na filimbi shingoni, akipiga masufuria mateke na kupekua mizigo. Kona ya Mama Muamba hakuifikia hata siku moja. Watu walisema anaogopa kuhara kwa Tshilombo, maana ugonjwa huo ulikuwa umeshaua wengi, na makaburi nyuma ya hangari la mizigo yalikuwa yanaongezeka.

Kifuko kimoja kwa siku. Tshilombo ndiye aliyechagua, daftari kifuani, akianza na zilizo dhaifu. Kumi na saba, mizizi mifupi. Hamsini, masuke matupu. Ishirini na mbili ilivumilia shaba vizuri sana, lakini ukame wa wiki mbili tu uliilaza chini.

Muamba, binti yao mkubwa wa miaka minane, alilamba vidole. "Hii ishirini na mbili ni tamu, papa."

Tshilombo alicheka mpaka akakohoa. "Andika hiyo," alimwambia mkewe. "Miaka tisa, hatukupima utamu hata mara moja."

Akaandika.

Siku ya thelathini na tatu vilibaki vifuko viwili. Asubuhi hiyo Tshilombo hakuweza tena kushika daftari.

"Thelathini na moja na sitini na nne, usipike," alisema. "Nina shangazi kule Kasai, mji wa Mwene-Ditu, anaitwa Ngalula. Sina kumbukumbu ya sura yake. Mupe. Mwambie haya ni mahindi ya kwetu."

"Kule udongo hauna shaba."

"Lakini ukame upo."

Alifariki kabla ya jua kufika katikati. Wanaume wanne walimzika nyuma ya hangari kwa koleo la kuazima, na mama mmoja akaimba wimbo wa Kikasai ambao Mama Muamba alishindwa kufuata maneno yake. Kesho yake watoto walilia njaa. Aliviweka vile vifuko viwili kwenye mapaja, akavishika kwa muda mrefu, kisha akavua kitenge chake cha pili, akaenda kukibadilisha kwa unga wa mihogo.

Treni ilikuja siku ya thelathini na sita. Mabehewa yalikuwa ya wazi, ya kubebea madini. Watu walipandishana, wakirushiana mabunda na vichanga, huku wengine wakiita majina ya ndugu waliopotea kwenye msongamano. Muamba alitangulia kupanda, Mama Muamba akawasukuma wale wawili juu, binti akawapokea wadogo zake.

Ndipo Kisimba akatokea, akiwapangua watu kwa rungu lake. Wanawake waliokuwa karibu walirudi nyuma. Mmoja alimvuta Mama Muamba mkono, lakini yeye hakusogea. Kijana alisimama mbele yake, akaweka rungu chini, akavua kofia.

"Yaya Numbi," alisema kwa sauti ndogo. "Bwana yako amekwisha kufa. Rudia kwetu Manika. Mama analia kila siku. Weye, hakuna hata mutu mumoya mwenye alikufukuza."

Mama Muamba alimtazama mdogo wake wa tumbo moja, aliyemlea kwa mgongo wake mwenyewe.

"Na bano batoto?"

Kisimba alitazama reli. "Bale ni Bakasai."

Mama Muamba alimpa binti yake vifuko, akashika ukingo wa behewa, akapanda.