Mkono wa Mwanakheri

Mkono ulitoka chini ya pazia, kiganja juu, na Pandu akachuchumaa kuupokea.

"Jana ulitokea kitandani," alisema. "Leo mbona chini?"

"Kitanda kinambana kifua," alijibu Tabia kutoka ndani. "Nimemtandikia sakafuni. Haya, chukua upesi, kaka Pandu."

Pandu hakuuliza zaidi. Chumba kile kilikuwa cha wanawake, na hawa wawili, Tabia na mdogo wake Mwanakheri, walikuwa watu wa kijijini Matemwe, hawakuzoea kuonwa na wanaume wa kando. Daktari mgeni aliyemfungua Mwanakheri mlango wa moyo ulioziba aliingia kwa sababu hapakuwa na budi. Pandu, mtu wa maabara, alibaki nje ya pazia, akapewa mkono.

Siku ya kwanza Tabia alimgombeza kweli kweli.

"Moyo wenyewe mmeushona juzi, leo mnamnyonya damu! Mnaipeleka wapi? Mumiani wewe?"

"Ningekuwa mumiani ningekuja na ndoo, bibi. Hii haijai hata kijiko."

"Mwenye moyo mzima ndiye wa kuhesabu vijiko!"

Siku hii ya pili hakugomba. Pandu alidhani amemzoea.

Kule maabara aliivuta damu katika mrija mwembamba wa kioo wenye alama, akausimamisha wima, akakaa mbele yake saa nzima. Ndiyo kazi ilivyokuwa. Wekundu huzama polepole, juu hubaki maji ya manjano. Ukizama upesi, mwilini mna jambo.

"Mapafu yakianza kuugua baada ya kupasuliwa, damu hujua kabla ya kifua," daktari alikuwa akisema.

Pandu aliyajua hayo kuliko alivyotaka. Mgonjwa wa kwanza wa moyo alikuwa Matar, muuza kahawa wa Malindi. Wekundu wake ulizama upesi siku mbili kabla ya homa. Pandu aliuona, akasema labda mrija mchafu, akanyamaza. Tangu Matar azikwe, kila Pandu akikaa mbele ya mrija huhisi mtu kakaa nyuma yake, naye anatazama. Hageuki.

Damu ya Mwanakheri siku ya kwanza ilishuka alama arobaini, kama ya kila aliyetoka kupasuliwa. Siku ya pili, kumi na mbili tu. Daktari alicheka kwa furaha.

"Huyu atarudi Matemwe kwa miguu yake!"

Siku ya tatu, ishirini na nane. Daktari hakucheka.

Asubuhi ya nne mkono ulikuwa moto. Nyuma ya pazia mtu alikohoa, kikohozi kifupi kilichobanwa kwa nguo.

"Nani anakohoa?"

"Mimi," alisema Tabia. "Saruji hii ya chini, kaka. Nshakwambia chukua upesi."

Pandu hakumwamini. Jamaa za wagonjwa huficha, wakiogopa mtu wao asirudishwe kwenye kisu. Alimfuata nesi, Bi Mwanapili.

"Kipimajoto chako kizima?"

"Kizima kuliko macho yako, Bwana Pandu. Hana homa. Anamaliza mkate wa ajemi, anaulizia mwingine."

"Mkono wake unaunguza."

"Labda huo wako ndio baridi. Nenda kaoe."

Saa moja baadaye alama zilikuwa hamsini na tano.

Daktari alimsikiliza Mwanakheri kifua, mbele na nyuma. Safi. Akaitazama karatasi ya Pandu, akaiweka, akaishika tena.

"Matar naye kifua chake kilikuwa safi," alisema Pandu. Safari hii aliyasema kwa sauti, mpaka wauguzi wakageuka.

Daktari akaamuru sindano za penisilini, asubuhi, mchana, magharibi na usiku. Pandu mwenyewe ndiye aliyekwenda kumpa Tabia habari, akasimama nje ya pazia.

"Damu ndiyo iliyosema?" aliuliza Tabia.

"Ndiyo. Mapafu yameshikwa. Lakini tumewahi."

Pandu akasikia pumzi tu, fupi fupi, na akamwonea huruma mgonjwa.

"Sindano hizo hazitamdhuru moyo?"

"Hazimdhuru."

"Basi mpigeni."

Siku ya tano, baada ya sindano zote zile, alama tisini. Pandu aliosha mrija mwingine, akapima tena. Tisini. Wekundu ulikuwa ukishuka huku anauona, kama kitu kilichoachiwa kizame. Hakwenda kula. Alipompelekea daktari karatasi, daktari aliongeza dawa, akasema hajapata kuona mgonjwa wa namna hii, uso una nuru na damu inakufa. Kesho ndiyo itakayoamua.

Siku ya sita Pandu alifika kabla ya saa mbili asubuhi. Mkono ulikuwa umeshatoka chini ya pazia, kiganja juu, unamngoja. Alichuchumaa, akaufunga mpira, akatafuta mshipa kwa kidole. Mshipa haukuinuka. Akausugua. Mkono ulikuwa baridi sawasawa na sakafu ulipolala.

Akasahau adabu zote, akalivuta pazia.

Mwanakheri alikuwa amekaa kitandani, kikombe cha chai mkononi. Alijitanda kanga upesi, akaweka kidole mdomoni.

"Taratibu, kaka Pandu," alinong'ona. "Mtoe damu polepole, usimwamshe dada. Kakohoa usiku kucha, sasa hivi tu ndo kapata usingizi."