Rangi ya Kucha

Chupa ilikuwa ndogo, nyekundu, imebaki nusu. Violeth aliikuta kwenye mfuko wa ovaroli ya mumewe alipotaka kuifua. Yeye hapaki rangi ya kucha. Kucha zake zinaishia kwenye jembe.

Aliirudisha mfukoni, akaitundika ovaroli ikiwa chafu vilevile.

Mumewe, Gaudence, alikuwa opareta wa kijiko, mashine iliyokuwa ikichimba mfereji wa mashamba ya mpunga pale Bahi. Tangu mwezi uliopita kijiko hicho kilikuwa kinaumwa. Kikipata moto, mkono unakuwa mzito, pampu inalia kama mbuzi aliyefungwa, oili inajaa povu. Na kila kikiumwa anakuja fundi kutoka mjini kwa bodaboda. Fundi mwenyewe ni msichana, anaitwa Emilia.

Siku hiyo Violeth alipeleka chakula mwenyewe, na tumbo lake mbele. Aliwakuta wawili hao wameinamia mlango wa injini, vichwa vimekaribiana. Emilia alikuwa anakaza nati ya bomba linalovuta oili kutoka kwenye tangi. Alipomaliza alitoa chupa mfukoni, akachora mstari mwembamba kuanzia kwenye nati hadi kwenye chuma cha pembeni.

Rangi ilikuwa ile ile.

“Karibu wifi,” Emilia alisema. “Usishangae. Nati ikilegea, mstari unakatika. Msimamizi akipita asubuhi anatazama mistari tu.”

“Nilidhani ni ya kujipamba.”

“Kwa vidole hivi?” Emilia alicheka, akaonyesha kucha fupi, nyeusi kwa grisi. Kisha akalitazama tumbo. “Lini, wifi?”

“Mwezi wa kumi, Mungu akipenda.”

Emilia akamgeukia Gaudence. Gaudence akainamisha kichwa. Violeth aliliona jicho lile, akaweka chakula chini na kuondoka.

Wifi wa wapi, alijiuliza njia nzima.

Kesho yake alirudi, akajibanza nyuma ya kifusi. Wengine walipokwenda kula, Gaudence alipanda nyuma ya kijiko na spana. Alilegeza nati ile kidogo tu, akafuta mstari kwa kitambaa, akatoa kichupa chake na kuchora mwingine, kana kwamba nati haijaguswa. Mstari ukapinda. Halafu akapiga simu.

“Emilia, njoo. Imerudia.”

Violeth aliketi chini kwenye udongo. Mimba yake ya kwanza iliharibika wakati kijiko kilipompeleka mumewe Mtera, na hakumlaumu. Kazi ni kazi. Safari hii Gaudence alikuwa karibu. Kila jioni alikuwa nyumbani, anamchotea maji, anamkanda miguu. Kumbe mtu anaweza kukukanda miguu huku akiharibu mashine mchana kweupe ili amwone mwingine.

Hakumwambia Gaudence neno. Wala hakutaka afukuzwe kazi. Aliyemtaka aondoke ni mmoja tu.

Alimkuta Mazengo, msimamizi, kwenye kivuli cha lori la maji.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Mbona unatembea na jua hili?”

“Yule fundi wenu hajui kazi. Anakaza leo, kesho kijiko kimelala. Leteni mwanamume.”

Mazengo alicheka mpaka kofia ikamsogea. “Kijiko ndicho kinachokunyima usingizi, au fundi?”

“Mume wangu hapumziki, mzee.”

“Haya, haya. Na mimi nimechoka kusimama bure.” Akatoa simu.

Fundi aliyeletwa aliitwa Stanley. Hakuchora mstari wowote. Aliweka nati mbili, moja juu ya nyingine, akazifunga pamoja kwa waya mnene na kuusokota kwa koleo. “Hii hata shetani hafungui,” alisema, akajifuta mikono.

Siku zilizofuata kijiko kikachimba asubuhi hadi jioni bila kulia. Wapita njia walisimama kukitazama. Emilia hakuonekana tena, na Violeth alianza kuimba jikoni.

Jioni ya siku mfereji ulipofika mwisho, alipika wali na perege. Gaudence hakugusa. Aliweka kiganja juu ya tumbo la mkewe.

Anamlilia mwenzake, Violeth aliwaza. Akausogeza mkono ule.

“Violeth, kuna jambo nilikuwa nakuficha.”

“Nalijua. Sitaki kulisikia.”

“Unalijua?”

“Nimesema sitaki.” Akaingia ndani, akageukia ukutani, na alipomsikia anaita tena alijifanya amelala.

Alipoamka kitanda kilikuwa kitupu upande mmoja. Begi halikuwepo msumarini. Kutoka barabarani ilisikika honi nzito, ndefu.

Alitoka peku. Alipofika mferejini lori refu lilikuwa limekwishapanda lami, kijiko kimefungwa minyororo mgongoni mwake, mkono umekunjwa. Vumbi lilikuwa bado halijatua. Mazengo alikuwa anakunja turubai.

“Wanakipeleka wapi?”

“Katavi. Mwaka mzima, porini huko. Hakukuaga?” Mazengo alimtazama miguu, halafu tumbo, akashusha sauti. “Opareta anaondoka na mashine yake, mwanangu, ndiyo kazi yetu. Na mumeo aliniomba sana. Toka mwezi uliopita ananiomba abaki hapa mpaka ujifungue. Nikamtania, nikamwambia, labda kijiko kikufie mikononi, mfereji usiishe.”