Cherehani ya Pili

Haya ni kweli tupu, na anayebisha ashonewe suruali ya mguu mmoja.

Fundi Jicho hakuwahi kumpima mteja kwa futi kamba. Alimkumbatia kwa salamu, akamtazama, akakata kitambaa, na nguo ikamkaa mwenyewe kama ngozi. "Siku nitakayokutwa na futi," aliapa mbele ya mtaa mzima, "nusu ya duka nampa aliyenikuta!"

Shemeji yake, mdogo wa kike wa marehemu mkewe, alikuwa na cherehani nzuri na hamu ya kushirikiana naye. Fundi alimpenda sana, ila kila akiombwa alijibu, "Nafasi finyu, shemeji." Kumbe aliogopa macho ya karibu.

Asubuhi hiyo shemeji alikuja kuchukua jibu la mwisho. Mara akaingia mteja, bwana mwenye upana wa mlango. Fundi akamkumbatia kwa nguvu zote, na mkono wa shati lake mwenyewe Fundi ukafumuka. Futi ya njano, iliyoshonewa ndani, ikaning'inia mgongoni mwa mteja.

Macho ya mashemeji yakakutana juu ya bega la yule bwana.

"Usimwachie, shemeji, kuna uzi umekutoka," shemeji yule akasema kwa upole. Akachomoa sindano kwenye kola yake, akairudisha futi ndani, akashona, akakata uzi kwa meno.

"Mbona salamu ndefu leo?" mteja akauliza.

"Tunakupokea wawili," Fundi akasema. "Huyu mwenzangu, duka letu nusu kwa nusu."

Na kwa mguu, polepole, akaanza kulisukuma kapu la vitambaa litoke kwenye kona.