Vizibo Sakafuni

Kila asubuhi wenye malori wa mji ule walikutana kwenye bohari, wakachuchumaa kuzunguka barabara iliyochorwa kwa chaki sakafuni. Kila lori lilikuwa na kizibo chake cha soda. Mwenye lori alikisogeza mpaka pale gari lake lilipofika, kisha wakagawana mizigo, aliye karibu akachukua, pasiwe na gari linalorudi tupu. Kizibo cha mwenzako hukigusi.

Siku hiyo mvua ilikuwa haijakatika, na mto ulikuwa umejaa. Chande aliweka kizibo chake ng'ambo ya daraja, akapewa vitunguu vya kule. Sikudhani, mwenye lori mwenzake, alipokiona, akampigia dereva wake, aliyekuwa mdogo wake wa tumbo moja.

"Vuka tu, Hamadi. Lori la Chande limeshapita."

Akasogeza kizibo chake cha kijani mpaka juu ya daraja, akasubiri simu. Haikuja. Akapiga yeye, hakupatikana.

"Chande, dereva wako aliyakuta maji yamefika wapi?"

Chande akakuna shingo. "Dada, nilijua mpaka mchana atakuwa ameshavuka. Niliogopa vitunguu vitachukuliwa."

"Kwa hiyo yuko wapi?"

Chande akaweka kidole juu ya kizibo chake, akakivuta polepole, kikikwaruza saruji, mpaka upande huu wa mto.

Kizibo cha kijani kilibaki peke yake juu ya daraja, na kidole cha Sikudhani juu yake, hakijui kikisukume mbele au kikirudishe.